Kisukari kati ya ukoo na chungu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Haya ni maswali ambayo watu wa Kigoma huuliza kila panapowekwa meza ya kupima sukari, iwe sokoni Mwanga, Ujiji, kwenye zahanati ya kijiji Buhigwe au kliniki ya wajawazito Kasulu. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye ndugu anayeumwa, au anayejiuliza kama zamu yake inakuja. Kama tayari unatumia dawa, usibadilishe dozi kwa sababu ya ukurasa huu. Yapeleke maswali yako kwa daktari anayekutibu.

Baba na shangazi wana kisukari. Je, na mimi lazima nitakipata?

Si lazima. Unachorithi ni uwezekano, na uwezekano huo ni mkubwa kuliko wa jirani ambaye ukoo wake hauna mgonjwa. Kwa kisukari aina ya pili, makadirio yanayotumiwa sana, ambayo mengi yametokana na tafiti za Ulaya na Marekani, yanasema mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kukipata maishani mwake. Wazazi wote wawili wakiwa wagonjwa, unafika karibu asilimia 70. Namba hizo zisomwe kwa pande zote mbili. Hata baba na mama wakiumwa wote, karibu watoto watatu katika kumi hawaugui.

Watu wengi hushangaa wakisikia kwamba aina ya kwanza, ile inayowapata sana watoto na vijana na kuhitaji insulini (homoni inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli za mwili) tangu mwanzo, hurithiwa kwa nguvu ndogo zaidi kuliko aina ya pili. Mtoto wa mama mwenye aina ya kwanza ana uwezekano wa takriban asilimia 2 hadi 3, na wa baba mwenye aina hiyo karibu asilimia 5 au 6.

Tena nyumba hairithishi damu peke yake. Mtoto aliyekulia mahali ambapo chai haijawa chai mpaka iingie vijiko vinne vya sukari, ugali unapimwa kwa ukubwa wa kilima na mboga inapakwa tu pembeni, atajenga nyumba yake na kupika vilevile. Ndugu wakikaa msibani wakasema "ugonjwa huu ni wa ukoo wetu", wanasema kweli, lakini ukoo huo umerithishana jeni pamoja na chungu. Jeni huwezi kuzibadilisha. Chungu kiko mikononi mwako, na kazi yote ya ukurasa huu imesimama hapo.

Aina za kisukari ni ngapi, na kila moja inatokana na nini?

Aina ya kwanza: kinga ya mwili inageuka na kushambulia seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini. Haitokani na kula sukari, na mama asijilaumu. Aina ya pili: mwili unakuwa mgumu kuitikia insulini, kongosho linaongeza kazi kwa miaka, kisha linachoka. Wagonjwa walio wengi sana wana aina hii. Cha ujauzito kinajitokeza mimba ikiwa imekua. Zipo pia aina chache zinazotokana na jeni moja tu iliyoharibika, ambapo kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Na ipo aina inayohusiana na utapiamlo, ambayo tutaifikia chini.

Hizo jeni zinafanya nini hasa?

Hakuna jeni moja ya kisukari aina ya pili. Watafiti wamekwisha kutambua zaidi ya maeneo 600 kwenye vinasaba vya binadamu yanayochangia, na karibu yote huchangia kidogokidogo. Lenye nguvu zaidi kati ya yale yanayopatikana kwa watu wengi linaitwa TCF7L2, lililotambuliwa mwaka 2006. Mtu akirithi nakala moja ya umbo lake la hatari, uwezekano wake hupanda kwa takriban asilimia 40 juu ya ule ambao angekuwa nao bila nakala hiyo. Umbo hilo wanalo watu wa Ulaya, Asia na Afrika vilevile. Jeni hii inagusa jinsi kongosho linavyotoa insulini baada ya mlo. Nyingine zinagusa mahali mwili unapohifadhi mafuta, hamu ya kula, au kazi ya ini.

Mwaka 2019 utafiti uliofanywa kwa watu wa Nigeria, Ghana na Kenya ulitambua eneo jingine, ZRANB3, ambalo halikuwa limeonekana kwenye tafiti kubwa za Wazungu. Hilo ni jambo la kutilia maanani. Afrika ndiyo bara lenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko mahali popote duniani, na bado damu nyingi iliyochunguzwa kutafuta jeni za kisukari ni ya watu wenye asili ya Ulaya. Kwa hiyo ukikutana na kampuni mtandaoni inayouza kipimo cha vinasaba cha kukuambia kama utaugua, weka pesa yako. Kwa mtu wa Kigoma, swali "nani katika ukoo wako anaumwa, na alianza akiwa na miaka mingapi?" lina thamani kubwa kuliko kipimo hicho, na ni bure.

Sisi Waha ni watu wa jembe. Huu si ugonjwa wa Wahindi na matajiri wa mjini?

Zamani dhana hiyo ilikuwa na ushahidi nyuma yake, na ndiyo maana imekaa vichwani mwa watu. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti uliopima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata asilimia 1. Miaka hiyohiyo, Watanzania wenye asili ya Bara Hindi waliopimwa Dar es Salaam walikutwa na kisukari mara nyingi zaidi ya hapo. Mtu angeweza kuhitimisha kwamba damu ya Kiafrika ina kinga.

Kisha ukaja upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64, na asilimia 9.1 wakakutwa na kisukari. Tafiti hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja, kwa hiyo tusizilinganishe nukta kwa nukta. Hata hivyo mwelekeo wake hauna utata, na miaka 23 haitoshi kubadilisha vinasaba vya taifa. Kilichobadilika ni miguu na sahani. Bodaboda imefika mpaka shambani. Unga umekobolewa ukawa mweupe, mafuta ya kula yanauzwa kwa kipimo cha mfuko mdogo kila kibanda, na soda baridi inapatikana hata kijiji ambacho maji ya bomba hayajafika.

Mfano mkubwa zaidi duniani uko mbali na hapa, kwa watu wa kabila la Pima. Wamegawanyika: wengine wanaishi Arizona, Marekani, wengine milimani Mexico, na vinasaba vyao vinafanana sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kisukari aina ya pili kwa asilimia 38 ya watu wazima wa Arizona, na kwa asilimia 6.9 tu ya wale wa Mexico waliokuwa bado wanalima kwa mikono na kula mahindi na maharage. Damu ni ile ile, ila maisha yamekuwa mengine. Mwenye kusema "sisi watu wa jembe" anasema kweli, lakini ajiulize kama jembe analishika yeye au analishikiwa na kibarua.

Basi kwa nini watu wenye asili ya Asia Kusini wanapata zaidi?

Kwa sababu kadhaa zinazoshikana. Kwa uzito uleule, mtu mwenye asili ya India, Pakistan au Bangladesh huwa na mafuta mengi zaidi mwilini, hasa tumboni na kwenye ini, na misuli michache zaidi kuliko Mzungu. Misuli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Kongosho lake pia huonekana kuzidiwa mapema zaidi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2004 kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianze kwenye uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 23, wakati kwa wengine huanza 25.

Uingereza, watu wenye asili ya Asia Kusini, Afrika au Karibiani wana uwezekano mara 2 hadi 4 wa kupata aina ya pili kuliko Wazungu, na huugua wakiwa na umri mdogo zaidi. Ona kwamba Waafrika nao wamo. Mpwa wako aliyehamia London na kufanya kazi ya kukaa, mwambie apime mapema kuliko wenzake wa kizungu. Na familia zetu za wafanyabiashara wa Kigoma mjini zenye asili ya Bara Hindi, wasisubiri kitambi kionekane kwa macho.

Lakini rangi na asili havifanyi kazi vyenyewe tu. Wamarekani weusi wana kisukari zaidi kuliko Wamarekani weupe, na sehemu kubwa ya pengo hilo inafuata kipato, mtaa mtu anaoishi, chakula kinachouzwa karibu na huduma anazofikia. Mtafiti anayeandika "asili" kwenye fomu anaandika vinasaba, historia na umaskini vyote kwenye kisanduku kimoja.

Kati ya Waha, Wamanyema, Wabembe na Watongwe, kabila lipi liko hatarini zaidi?

Kupanga makabila ya Kigoma kwa hatari ni kupoteza muda. Ujiji imechanganya watu wa pande zote za Ziwa Tanganyika tangu enzi za misafara, ndoa zimevuka ziwa, na mtu anayejiita Mmanyema anaweza kuwa na bibi Muha na babu kutoka Burundi. Angalia ukoo wako wa karibu: wazazi, ndugu wa tumbo moja, watoto.

Mimi ni mwembamba. Kuna haja ya kupima?

Ipo, hasa kama kuna mgonjwa kwenu au unakojoa mara nyingi, una kiu isiyokatika na uzito unapungua. Afrika inawapata watu wembamba wenye kisukari wengi kuliko vitabu vya Ulaya vilivyotufundisha.

Njaa nayo huacha alama. Uholanzi, watoto waliokuwa tumboni wakati wa njaa kali ya 1944 na 1945 walipimwa wakiwa na miaka kama 50, na miili yao ilishindwa kudhibiti sukari vizuri kuliko ya waliozaliwa kabla au kutungwa baada ya njaa hiyo. Mwili ulioanza maisha kwa kubana matumizi unajengwa na kongosho dogo na misuli michache, na baadaye chakula kikijaa ghafla unaelemewa. Kwa mkoa uliopokea watu waliokimbia vita vya Burundi na Kongo, wakiwemo wajawazito waliotembea siku kadhaa bila chakula mpaka kufika kambi kama Nyarugusu, hili si jambo la kihistoria tu. Watoto waliozaliwa kwenye msukosuko wa miaka ya 1990 sasa ni watu wazima, na wanastahili kuulizwa habari hiyo wanapofika kliniki.

Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali rasmi kisukari kinachohusiana na utapiamlo kuwa aina ya tano. Mwaka huohuo ulitoka utafiti wa vijana wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini ambao walikuwa wanatibiwa kama wenye aina ya kwanza. Zaidi ya nusu yao hawakuwa na dalili za kinga ya mwili kushambulia kongosho. Wao pia wanahitaji matibabu, na asiache mtu insulini kwa kusoma habari hiyo. Maana yake ni kwamba ugonjwa wetu una sura zake, na tunahitaji kuchunguzwa sisi wenyewe badala ya kupimwa kwa kipimo cha watu wengine.

Ugali wa muhogo unaleta kisukari?

Hapana, hauleti kama sumu inavyoleta ugonjwa. Miaka ya nyuma baadhi ya wataalamu walishuku kwamba sianidi, sumu iliyomo kwenye muhogo, huharibu kongosho. Utafiti wa Afrika Magharibi uliochapishwa mwaka 1987 uliwaangalia wanakijiji ambao muhogo ndio chakula chao kikuu, na haukuwakuta na kisukari. Sianidi ni hatari kwa sababu nyingine: muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa sawasawa unaweza kupooza miguu, ugonjwa uitwao konzo. Kwa hiyo hatua za mama zako za kuloweka, kuvundika na kuanika zisikatizwe kwa haraka ya kupeleka unga sokoni.

Tatizo la unga wa muhogo liko kwenye kile usichokuwa nacho. Karibu wote ni wanga, na protini yake ni kidogo mno. Ukila tonge kubwa la udaga na mchuzi mwepesi, wanga huo unageuka glukosi na kuingia kwenye damu bila kitu cha kuupunguza mwendo. Ukiula na maharage ya Kasulu, sombe (kisamvu) iliyoungwa kwa karanga na dagaa, mambo hubadilika. Nyuzinyuzi na protini huchelewesha chakula tumboni, na sukari hupanda taratibu.

Kwa hiyo suala ni mpangilio wa sahani. Nusu iwe mboga: sombe, mchicha, matembele, lenga lenga, bamia, nyanya chungu. Robo iwe samaki, maharage, kunde au nyama. Robo inayobaki iwe ugali, ukubwa wa ngumi yako. Najua ngumi moja ya ugali inaonekana dhihaka kwa mtu aliyezoea kula mpaka sahani ionekane chini, na mwenye kutoka kulima ana haki ya kula zaidi ya karani. Anza kwa kupunguza theluthi na kuongeza mboga mara mbili. Anza pia kula mboga na samaki kabla ya tonge la kwanza. Utaratibu huo peke yake hupunguza mwinuko wa sukari baada ya mlo.

Kwa mahindi, dona ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini vimebaki. Changanya unga wa muhogo na dona, au na mtama ukiupata. Ndizi za kupika zikiwa mbichi ni bora kuliko zilizoiva. Wali, chapati na maandazi ni wanga uleule uliovaa nguo nyingine, na maandazi yamebeba sukari na mafuta juu yake.

Na mawese?

Mawese hayana sukari. Mekundu yasiyounguzwa yana karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na kwa watoto hilo ni jema. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote kina kalori kama 120. Migebuka iliyozama kwenye mawese mpaka karaini inafuka moshi ni chakula tofauti na sombe iliyotiwa vijiko viwili kwa familia nzima. Kuyachoma mpaka yawe meupe kunaua hiyo karotini na kubakiza kalori.

Dagaa na migebuka nile kiasi gani?

Kula, tena kwa furaha. Dagaa wakavu ni protini na kalsiamu kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, na hawana wanga. Waoshe vizuri kupunguza chumvi kama una presha, na wachemshe au waunge badala ya kuwakaanga kila siku.

Asali si dawa? Yetu ni ya asili, haina kemikali.

Asali ya misitu ya Uvinza, Kibondo au ya jirani zetu wa Tabora ni chakula kizuri, lakini karibu asilimia 80 yake ni sukari. Kwenye damu ya mgonjwa haijitambulishi kwamba ni ya asili. Mwenye kisukari asiitumie kama dawa, wala asibadilishe sukari kwa asali akidhani ameacha. Sukari guru na juisi ya miwa ni vivyo hivyo. Pale tu sukari inaposhuka mno, mgonjwa anatetemeka, anatoka jasho na kuchanganyikiwa lakini bado anaweza kumeza, hapo kijiko cha asali au sukari kinaokoa maisha.

Soda ndiyo ninayoipigia kelele kuliko vyote. Chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, kama vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Chupa moja msibani imevuka kiwango hicho bora kabla hata hujanywa chai. Mgeni akifika, maji ya kunywa na sahani ya matunda ni heshima kamili.

Shikamoo dada. Bibi yetu alikula ugali wa muhogo na mawese mpaka uzeeni, hakuwahi kuugua. Mbona sisi tunaugua?

Marahaba. Bibi alichota maji bondeni, akalima kwa mkono, akatwanga, akabeba kuni kichwani, na sukari aliionja siku ya sikukuu. Msuli unaofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata bila kuhitaji insulini nyingi, na manufaa hayo huendelea kwa saa nyingi baada ya kazi. Bibi alikuwa anajitibu kila siku. Jeni zake amewaachia, kazi zake hamkuzirithi.

Ushahidi wa nguvu zaidi tulio nao ni wa Marekani, mwaka 2002. Watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufika kisukari walipangwa makundi. Waliopunguza uzito kwa karibu asilimia 7 na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Na faida ya mazoezi na chakula ilionekana kwa watu wa asili zote waliokuwamo: weusi, weupe, wenye asili ya Amerika ya Kusini, Wahindi Wekundu na Waasia. Wenye jeni ya TCF7L2 nao walifaidika. Dakika 150 ni nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano. Kutoka Mwanga kwenda sokoni na kurudi bila bodaboda ni mwanzo mzuri.

Nina mimba. Nijali nini?

Mwambie mkunga kama kuna kisukari kwenu, kama uliwahi kujifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi, au mimba iliharibika bila sababu kujulikana. Kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Aliyepata kisukari cha ujauzito, hata sukari ikirudi sawa baada ya kujifungua, ana uwezekano mara 7 au zaidi wa kuja kupata aina ya pili kuliko mama ambaye hakukipata. Apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na baada ya hapo asisahau. Inauma kuona mama anaambiwa "imeisha, nenda nyumbani" halafu anarudi baada ya miaka kumi akiwa na kidonda mguuni.

Sukari ikisoma ngapi ni kisukari?

Ukiwa hujala kwa saa 8 au zaidi: milimoli 7.0 kwa lita na kuendelea ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni dalili ya tahadhari, na huu ndio wakati wenye faida kubwa zaidi ya kubadilisha chungu. Ukipimwa wakati wowote na ikasoma 11.1 au zaidi huku una dalili, ni kisukari. Kama huna dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kukubandika jina la mgonjwa.

Kipo pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, na asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Hapa vinasaba vyetu vinaingia tena, kwa njia ambayo wengi hawajaisikia. Kipimo hicho kinategemea muda ambao chembe nyekundu za damu zinaishi. Mwenye chembe za selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, hata kama ni mbebaji tu asiyeumwa, anaweza kupata jibu la chini kuliko hali yake halisi. Mwaka 2017 utafiti mkubwa ulionyesha pia kwamba umbo moja la jeni ya G6PD, linalopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, hushusha jibu hilo na kuwaficha wagonjwa. Upungufu wa damu na malaria vinaweza kulivuruga vilevile. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, na Kigoma malaria haijatuacha. Kwa hiyo kama HbA1c inasema uko salama na mwili unasema vingine, omba pia kipimo cha sukari kabla ya kula.

Nyumbani chukua kamba, jipime urefu kutoka unyayo hadi utosi, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ikishindwa kukutana, mafuta ya tumboni yamezidi, hata kama mikono na miguu yako ni myembamba.

Ramadhani nifunge?

Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu aongee na daktari mwezi mmoja au miwili kabla. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Futari ya magimbi, mihogo, tambi, uji wa sukari na tende kwa pamoja ni wanga juu ya wanga. Chagua mmoja, ongeza samaki au maharage.

Mlonge, mwarobaini na majani ya mpera?

Kula mlonge kama mboga, ni mboga nzuri. Lakini hakuna jani linalochukua nafasi ya insulini kwa mtu mwenye aina ya kwanza. Akiiacha, siku chache tu zinaweza kumuua.

Ukoo wetu una wagonjwa wengi. Watoto niwalinde vipi?

Anza mapema kuliko unavyodhani. Uingereza ilikuwa na mgao wa sukari uliomalizika Septemba 1953. Utafiti uliotoka mwaka 2024 ulilinganisha waliotungwa na kuzaliwa kabla na baada ya mgao kuisha. Waliopitia ujauzito na utoto wao wa mwanzo bila sukari nyingi walikuwa na kisukari aina ya pili pungufu kwa karibu asilimia 35 walipofika utu uzima. Kwa hiyo uji wa mtoto hauhitaji sukari. Tia maziwa, unga wa karanga au dagaa waliosagwa, na ndizi iliyopondwa ikihitajika ladha. Mnyonyeshe. Pesa ya soda na pipi za shule igeuke mahindi ya kuchemsha, embe au karanga.

Na mtoto akianza kukojoa kitandani ghafla baada ya kuwa ameacha, akawa na kiu, akakonda na kuchoka, usikubali aishie kwenye dawa ya malaria au ya mkojo. Dai sukari ipimwe siku hiyohiyo. Tone moja la damu kidoleni linatosha.

Nikienda kupima, nimwambie nini mhudumu?

Mwambie nani kwenu anaumwa na alianza akiwa na umri gani. Mwambie kama una sikoseli au umebeba chembe zake, kama umeugua malaria karibuni, na kama ulipata kisukari wakati wa mimba. Mwambie pia kama umewahi kutibiwa kifua kikuu, kwa sababu kisukari huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu karibu mara tatu. Taja dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji. Andika jibu la kipimo na tarehe kwenye daftari. Zahanati ikikosa vijiti vya kupimia, kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, wataanzia kwenye namba hiyo.